Nilivyotuliza mashine ya kuchomelea niliyoisuka mwenyewe

Mashine yangu ya kwanza ya kuchomelea niliisuka kwa mkono, na nusu saa tu ikanishinda. Waya ulikuwa mzuri na hesabu haikuwa na kasoro: mizunguko 150 upande wa volti 230, mizunguko 34 upande wa fimbo. Lakini ikiwashwa tu, kabla sijagusa chuma chochote, ilivuta ampea 6 na kuunguruma kama mashine ya kusaga. Bati za katikati, zile zinazopitisha sumaku ndani ya waya uliosukwa, zikapata moto, mkono haukai.

Bati hizo nilizitoa kwenye transfoma chakavu: pana, za kijivu, unene wa milimita 0.35. Nilizikata kwa kukingama ili nisitupe hata kipande. Sikujua kwamba bati hili lina upande wake, kama ubao.

Mzee mmoja msukaji wa transfoma ndiye aliyenifumbua macho. Alikwangua ngozi ya kijivu, akapaka asidi ya betri, akasubiri, akasuuza. Zikajitokeza chembe kubwa za chuma, nyingine pana kuliko punje ya hindi.

"Mwanangu, hizi zimelazwa upande mmoja kiwandani. Sumaku hupita kwa urefu. Wewe umeilazimisha ikatishe."

Nikaanza kusoma. Mmarekani Norman Goss alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya njia hiyo ya kulaza chembe upande mmoja mwaka 1934, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vikaiboresha sana. Mwaka 1968 kampuni ya chuma ya Yawata ya Japani ikatoa bati la Hi-B, ambalo chembe zake zimenyooka zaidi. Chuma hutiwa silikoni kama asilimia 3, hubanwa kwenye rola kikiwa baridi, kisha huokwa ndani ya haidrojeni kwenye nyuzi kama 1200 za Selsiasi, mpaka chembe chache zenye mwelekeo sahihi zizimeze nyingine zote. Hupakwa pia unga wa magnesia, na joto hilo huugeuza kuwa ngozi kama kioo inayozuia umeme kuruka kutoka bati hadi bati. Ngozi hiyohiyo mimi nilikuwa nimeiparua kwa grenda kwenye kingo zote!

Nikafumua kila kitu. Nilinunua bati nyingine, safari hii nikazikata kwa urefu, kwa mashine ya kukatia bati, nikaondoa vinyweleo vya kingo kwa tupa laini. Nyundo sikuigusa, maana bati hili likigongwa au kupindwa chembe hukazwa na sumaku hupita kwa shida. Kwenye kona nilizipishanisha, safu moja ikifunika mwanya wa safu ya chini. Bolti nikazivisha karatasi ya transfoma, isiyopitisha umeme.

Nilipowasha, mita ilisoma ampea 1.4. Sauti ilikuwa ndogo, ya kusikia ukisogeza sikio. Jioni ile nilichomelea geti zima kwa fimbo za milimita 2.5, nikipumzisha mashine kila baada ya fimbo kadhaa, na bati za katikati niliweza kuzishika.