Kipimo Kinasema Sina, Mimi Nasema Ngoja Kwanza

Sina Virusi vya Ukimwi. Naanza na hilo usije ukasoma huku ukisubiri nikwambie mwishoni kwamba kumbe ninavyo. Nimepimwa kwa damu ya kidole, kwa damu ya mshipa na kwa mate. Nimepimwa kwenye zahanati za serikali, kwenye maabara za kulipia, kwenye hema la kampeni pale uwanjani, na peke yangu chooni huku nimefungulia bomba ili mke wangu asisikie nikichana pakiti. Majibu ni yale yale kila mahali. Na kwa muda mrefu, naongelea miaka na si miezi, hakuna hata jibu moja nililoliamini hadi kesho yake asubuhi.

Ilianza kwa neno la mtu. Jamaa mmoja tunayefahamiana alinipigia simu akaniambia msichana niliyekuwa naye kabla sijaoa ameonekana kwenye foleni ya CTC, kliniki ya watu wanaoishi na virusi. Mpaka leo sijui kama alikuwa pale kwa ajili yake, au alimfuatia mzazi wake dawa, au alikuwa anapita tu kuelekea maabara. Wala si haki yangu kujua. Lakini usiku ule sikulala. Nilikuwa nimelala naye mara ya mwisho zaidi ya miaka mitatu nyuma, na tangu hapo nilikuwa nimeshapimwa nikiwa na mchumba wangu kabla ya ndoa. Yote hayo niliyajua, ila hayakunisaidia kitu.

Ndani ya wiki mwili ulianza "kuonyesha". Ulimi ukawa mweupe. Nikaanza kuharisha. Shati likawa linalowa jasho usiku. Nikapapasa shingoni nikakuta tezi, na kwa kuwa niliipapasa kila baada ya dakika chache, ikavimba kweli na ikauma. Uzito ulishuka, na ungeachaje kushuka wakati chakula kilikuwa hakipiti? Kioo cha pembeni cha pikipiki yangu kilikuwa cha kuangalia magari. Nikakifanya cha kuangalia ulimi. Wateja wangu pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, wenye majokofu ya sangara, walinikuta mara kadhaa nimesimama mdomo wazi juani.

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Hii naitaja kwa sababu ndiyo iliyonifanya nijishangae. Kazini, mita ikisema waya hauna moto, naushika kwa mkono mtupu. Sijawahi kujiuliza kama mita imechoka, au kama umeme umejificha ndani ya waya unasubiri niushike. Mita naiamini na roho yangu. Ila ule mstari mmoja kwenye kipimo, wenye maana moja tu kwamba huna, niliuinua juu ya tochi ya simu nikitafuta kivuli cha mstari wa pili. Ukitafuta sana utakiona. Kile cha mate kinasomwa kuanzia dakika ya 20 na kisizidi 40, maelekezo yameandika wazi; mimi nilikihifadhi kwenye boksi la spea nikakisoma tena asubuhi.

Habari ya dirisha, yaani kile kipindi cha mwanzo ambacho virusi vipo lakini kipimo bado hakivioni, niliisoma mpaka nikaweza kumfundisha muuguzi. Vipimo vya haraka vinatafuta kingamwili, ambazo mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza, ndiyo maana unaambiwa urudi baada ya miezi mitatu. Vile vya maabara vinavyotafuta na antijeni, yaani sehemu ya kirusi chenyewe, huona mapema zaidi, siku 45 zinatosha. Dalili za maambukizi mapya, zikitokea, huja wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa. Mimi zangu zilikuja baada ya miaka mitatu na simu moja. Hesabu ilikuwa inanikataa waziwazi, nami nikawa nasoma visa vya mtandaoni vya mtu mmoja huko sijui wapi ambaye eti alionekana baada ya miaka kadhaa. Kati ya majibu ya maelfu ya watu, mimi nilikuwa namtafuta huyo mmoja.

Mke wangu alivumilia. Alipokuwa mjamzito tulikwenda kliniki pamoja, tukapimwa wote wawili, hatuna. Nilitulia mpaka tulipofika stendi ya daladala. Pale nikakumbuka kwamba kuna wanandoa ambao mmoja anavyo na mwenzake hana, safari ikaanza upya. Siku moja, mtoto ameshazaliwa na ana meno, aliniambia: "Baba, wewe umepimwa. Mimi nimepimwa. Sasa unataka apimwe nani tena, kuku?" Nilicheka. Nikaenda kupima wiki iliyofuata.

Aliyenisaidia kuona kitu alikuwa muuguzi mmoja mtu mzima kwenye kituo nilichokuwa nimekizoea mno. Siku hiyo hakufungua pakiti. Alifunga mlango, akaniuliza, "Mwanangu, kwenu ni wapi?" Nikamwambia Muleba, Kagera. Akaniuliza nimezaliwa mwaka gani. Nikamwambia 1986. Akanyamaza, halafu akasema, "Na wazazi?"

Naomba nikae hapa kidogo.

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walikuwa watatu, mwaka 1983, na walikuwa wa kwetu Kagera. Kabla haujaitwa Ukimwi watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zinaletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda, na wapo walioamini ugonjwa umekuja na nguo zenyewe, au kwamba ni uchawi wa waliodhulumiana mpakani. Mimi nilizaliwa katikati ya hayo. Baba alifariki 1993, mama akamfuata. Dawa za bure za kufubaza virusi zilianza kutolewa nchini Oktoba 2004. Kwetu sisi zilichelewa. Kwetu marehemu wanazikwa shambani, nyumbani kwao, kwa hiyo kwenda kukata ndizi ilikuwa lazima upite makaburini. Bibi ndiye aliyetulea, sisi na binamu zetu.

Kijijini hakukuwa na kipimo, kulikuwa na macho tu. Watu walimtazama mtu alivyoshika kikombe, suruali ilivyomlegea kiunoni, nywele zilivyolainika, mdomo ulivyokauka. Mtu akiharisha msibani, walioketi mkekani waliangaliana. Bibi alikuwa akitukagua ndimi asubuhi, watoto wote kwa foleni, na hakutuambia anatafuta nini. Hatukuuliza. Sasa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mjini Mwanza, mwenye smatifoni, alikuwa bado anajikagua kwa njia ile ya bibi yake. Kipimo kilikuwa kinasema kitu kimoja na macho ya Muleba ya 1993 yanasema kingine, nami nikawa naamini macho.

Yule muuguzi hakunipa hotuba. Alisema hatanipima tena, na kwamba kila akinipima ananipa nafuu ya siku moja halafu ananirudisha nikiwa na hali mbaya zaidi. Aliniandikia barua ya kwenda kwa daktari wa magonjwa ya akili. Niliikunja nikakaa nayo. Hapa niseme ukweli: CTC nilikuwa sioni aibu tena kuonekana, lakini mlango wa kliniki ya afya ya akili niliupita mara kadhaa nikijifanya napokea simu.

Daktari alinieleza kwamba wasiwasi wa namna hii una jina na una tiba, na kwamba ubongo wangu umezoea kutuliza hofu kwa kukagua, na kila ukaguzi unaifundisha hofu kwamba kweli kulikuwa na jambo la kukagua. Nikapewa sertralini, dawa ya kupunguza wasiwasi, dozi ndogo kwanza. Wiki za mwanzo nilihisi kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu, sitadanganya. Lakini kazi kubwa ilikuwa ya nyumbani: kutoangalia ulimi. Mwanzo ilikuwa kuahirisha tu, si kuacha. Ukipata hamu ya kuangalia saa tatu asubuhi, unasogeza mpaka saa sita. Mtandao wa dalili, marufuku. Na mke wangu akaelekezwa asinijibu tena nikimuuliza "unanionaje?" Hilo lilimuuma yeye kuliko mimi. Amelelewa kumtuliza mtu mwenye hofu, sasa anaambiwa aendelee kuchagua mchele kama hajasikia.

Kuna mtu mwingine ambaye hakusomea haya. Mama yangu mdogo anaishi na virusi na alianza dawa muda mfupi baada ya dawa hizo kufika kwetu. Ana shamba, ana ng'ombe, ana sauti ya kusikika ng'ambo ya kijiji. Virusi vyake havionekani kwenye kipimo cha wingi wa virusi, maana yake hata kumwambukiza mtu kwa ngono hawezi. Nilikwenda kwetu kwa basi nikamweleza yote, na nilidhani atanionea huruma. Alinitazama muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "yaani unakonda kwa kuogopa kitu ambacho mimi nakinywea kidonge saa mbili usiku nikalala?" Kisha akanipakulia ndizi nyingine. Niliona aibu kidogo. Si kwa kuogopa, bali kwa sababu hofu yangu yote ilikuwa imemhesabu yeye kama marehemu, na yeye ndiye aliyekuwa ananipakulia.

Msinielewe vibaya. Kama hujapima, nenda kapime. Na kama jambo limetokea jana, mpira umepasuka au umebakwa, usianze kusoma blogu. Nenda hospitali kabla saa 72 hazijaisha, kuna dawa za kuzuia za siku 28, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Hapa namwandikia yule ambaye dirisha lake limefungwa zamani, ana karatasi za majibu kwenye bahasha, na bado anapanga kwenda kituo kingine ambako hawamjui.

Mwezi uliopita nilipata homa. Viungo vikauma, jasho, kichwa, vyote vile vya zamani. Nikaenda zahanati, wakanitoboa kidole. Kijana wa maabara akasema damu ipo, kaka, tupime na VVU kabisa? Wanapaswa kuuliza, na ni vizuri wanauliza. Nilibaki nimemtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa, nikamwambia nimeshapima, ya malaria inatosha. Ikaonekana malaria. Nikapewa dawa ya mseto na nikampigia mke wangu kumwambia nina malaria, kwa furaha ambayo mgonjwa wa malaria hana sababu ya kuwa nayo. Akaniuliza kama nimekula.