Hati Iliyovuka Bahari Pamoja na Wenyewe

Wengi wanaosimulia safari ya Wapuritani, Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kulitakasa kanisa lao, kwenda Amerika huanza na dhoruba na zaburi. Mimi niliyekulia Lubumbashi, mji uliozaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, huanza na makaratasi ya kampuni, kwa sababu koloni la Massachusetts Bay nalo lilianza kama kampuni, yenye wanahisa, gavana na hati iliyotolewa na Mfalme Charles wa Kwanza mnamo Machi 1629.

Hati hiyo haikutaja mahali ambapo mikutano ya kampuni ilipaswa kufanyika. Agosti mwaka uleule, mjini Cambridge, Uingereza, watu 12, John Winthrop akiwa miongoni mwao, waliahidiana kwa maandishi kwamba wangehama na jamaa zao ikiwa tu uongozi wa kampuni na hati yenyewe vingehama nao. Huku kwetu Katanga, nchini Kongo, kampuni ya madini ya Union Minière ilichimba hapa ilhali makao yake makuu yalikuwa Brussels, na mchimbaji wa Kipushi hakuwa na mlango wa kugonga ili awaone waliomkatia mshahara. Winthrop na wenzake waliung'oa mlango huo wakaupakia melini.

Meli yao, Arbella, iliiacha Uingereza Aprili 1630, ikafika Salem tarehe 12 Juni. Msafara mzima ulikuwa na meli 11 na watu wapatao 700. Waliwakuta walowezi waliowatangulia hapo wakiwa hoi, zaidi ya 80 wakiwa wamekwisha kuzikwa. Walihamia Charlestown, maji ya kunywa yakawa taabu, ndipo wakavuka mto hadi Shawmut penye chemchemi, mahali walipopaita Boston. Watu wapatao 200 walikufa kabla mwaka haujaisha, na kiseyeye kilianza kulegea Februari 1631 tu, meli Lyon iliporejea na chakula na maji ya limau. Nchi yenyewe ilikuwa ya Wamassachusett, wenyeji wa asili, ambao maradhi ya kati ya 1616 na 1619, yaliyoletwa na Wazungu, yalikuwa yamekwisha kufyeka vijiji vyao. Jambo hili wasimulizi wengi hulipita upesi mno.

Kwa miaka ya mwanzo, Winthrop na wasaidizi wake wachache ndio waliotunga sheria. Mwaka 1634 wajumbe wa miji waliomba kuonyeshwa hati, wakajisomea kwamba kazi hiyo ilikuwa ya mkutano wa wanachama wote. Katika uchaguzi wa mwaka huo Winthrop aliangushwa, na Thomas Dudley akawa gavana. London nayo ilikuwa imeanza kudai hati irudishwe. Wakoloni wakachelewesha majibu huku wakijenga ngome bandarini, na hati ikabaki mikononi mwao hadi ilipofutwa mahakamani mwaka 1684.