Mtu Wangu Bado Hana Jina

Jumapili, usiku. Stima imepotea tangu magharibi na naandika kwa mwanga wa simu, kwa hivyo makosa ya herufi mnisamehe.

Nimefika ukurasa wa 112 wa riwaya yangu na mtu ninayemwandika bado hana jina. Kila anapotokea nimeweka kistari. Kistari kinaamka alfajiri, kistari kinanoa kisu, kistari kinaingia shambani kukata mkonge. Miezi ya kwanza nilijiambia ni uvivu tu, jina litakuja. Halikuja.

Babu yangu alikuwa na majina mawili. La kwanza alitoka nalo Mueda, kaskazini ya Msumbiji. La pili aliazimwa hapa Kwale, pwani ya Kenya, na jirani yake Mdigo. Mimi natumia hilo la kuazima. Ndilo lililo kwenye cheti changu cha kuzaliwa na kwenye vyeti vya shule, na ndilo litakaloandikwa juu ya jalada la kitabu hiki, Mungu akipenda.

Kwa asiyejua habari zetu: Wamakonde wa Kenya wengi ni wajukuu na vitukuu wa watu walioletwa, au waliojileta, kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya pwani na kukata miwa ya kiwanda cha sukari cha Ramisi. Kule walikotoka Mreno alikuwa anatoza kodi ya kibanda, na asiyekuwa na ya kulipa alichukuliwa chibalo, kazi ya kushurutishwa. Baadaye ikaongezeka pamba, unalima utake usitake. Mto Ruvuma, mpaka wa Msumbiji na Tanganyika, haukuwa mbali. Vijana wakavuka, wakafanya kazi Lindi, wakapanda hadi Tanga kwenye mkonge wa Tanganyika, na baadhi wakasogea tena kidogo, wakaingia Kwale.

Babu alifika lini, hakuna aliyeandika. Nyanya yeye aliletwa akiwa mgongoni mwa mamake, tarehe kwake ni habari za kucheka. Nilichonacho ni kikopo. Babu alikuwa na kikopo cha bati alichotilia ugoro, kimepauka, kina vitundu viwili vya kupitishia uzi. Nilikichezea utotoni bila kujua ni nini. Ni kile cha kipande. Zamani za Mwingereza kila mwanamume Mwafrika alibeba karatasi zake za kazi ndani ya kikopo kilichoning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi, na mtindo huo uliondolewa mwaka 1947. Kwa hivyo alikuwa amekwisha kufika kabla ya hapo. Huo ndio utafiti wangu wote kuhusu mwaka wa kufika kwake, kikopo cha ugoro. Nilipokwenda kwenye chumba cha nyaraka nilikuta ripoti zinazohesabu vibarua kwa mamia. Watu sikuwaona.

Sura ya kwanza nimeiandika mara tano. Ile ya mwanzo kabisa niliona fahari nayo. Babu anasimama kwenye ukingo wa Ruvuma, jua linazama, anageuka kutazama nyuma, chozi linamdondoka. Nikamsomea nyanya. Akasikiliza mpaka mwisho, kimya, kisha akaniuliza, "Huyu anaumwa na macho?"

Akanieleza alivyosimuliwa na babu mwenyewe. Walivuka wakati wa kiangazi, maji yalifika kiunoni, wanaogopa mamba. Walikuwa vijana sita au saba. Njia nzima waligombana kwa sababu ya sufuria, maana mmoja alikuwa ameahidi kuibeba na sasa anasema imemchosha. Walipofika ng'ambo wakagundua sufuria imesahauliwa kule. Hakuna aliyekubali kurudi. Basi wakaenda hivyo hivyo, kila mtu amemnunia mwenzake, mpaka Newala.

Nimelitupa chozi, nimeiweka sufuria. Lakini bado linanikera jambo moja: mimi ndiye niliyetaka alie. Nilitaka aomboleze kuondoka kwake ili mimi nipate cha kurithi. Nadhani sisi tunaoandika habari za wazee wetu waliohama tuna ugonjwa huu, tunawatwika huzuni yetu wenyewe, kisha tunawashukuru kwa kuibeba.

Mambo ya kambini yameandikika upesi zaidi, labda kwa sababu mkonge ninaujua. Najua maji yake yanavyowasha mikono, na mwiba wa ncha unavyongoja jicho la mzembe. Najua korona, ile mashine ya kuchuna mkonge, inavyonguruma ikichuna jani mpaka zibaki singa, na singa zinavyoanikwa zikang'aa juani. Nyapara anahesabu mizigo jioni; ukipungua, siku yako haiandikwi kwenye kadi, na kadi isipojaa hakuna mshahara. Usiku wa Jumamosi walicheza mapiko, kinyago kikitoka gizani watoto wanalia kwa hofu ya kweli. Na mkonge wenyewe si wa hapa, mwajua? Ulitoka Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika Tanga 62 tu iliyo hai. Niliweka habari hii kwenye sura ya nne, nikaitoa, nikairudisha. Nafikiri nitaitoa tena. Ni nzuri mno, inataka kuonekana.

Sura ya sita ndiyo iliyonikwamisha. Ndiyo sura ya jina.

Uhuru ulipokuja, katiba ya 1963 ilimpa uraia moja kwa moja yule aliyezaliwa hapa ambaye angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa hapa. Babu kazaliwa Mueda. Nyanya vilevile. Baba yangu alizaliwa kambini, lakini wazazi wake wote wawili ni wa ng'ambo ya mto. Kwa hivyo bendera ilipandishwa nao wakabaki vilevile, watu wa shamba. Bila kitambulisho hupati kazi ya maana, huandiki shamba kwa jina lako, na askari akikusimamisha njiani una la kujieleza. Wengi walitafuta njia. Babu alikwenda mbele ya wakubwa akiwa na jirani yake, na yule jirani akasema, "Huyu ni ndugu yangu, baba yetu mmoja."

Babu alikuwa na chale usoni, za Kimakonde, za kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Sijui yule karani alitazama wapi wakati anaandika.

Oktoba 2016 watu wetu walitoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kudai vitambulisho. Shangazi yangu alikuwamo, na ndala mkononi ili zisiishe. Walipokewa Ikulu, Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe kabla ya mwaka kwisha, na Februari 2017 tukaambiwa sisi ni kabila la 43 la Kenya. Shangazi hakuwahi kuwa na karatasi yoyote, kwa hivyo aliandikisha jina la kweli la babu. Sisi tuliokwisha kuwa na za kuazima tumebaki nazo. Leo kwenye familia moja tuna majina mawili ya ukoo, na ukitukuta msibani utadhani tumekuja kwa mabasi tofauti.

Shangazi anataka riwaya itumie jina la kweli. "Tumelitembelea," anasema. Nyanya hataki lichapishwe kabisa, ana sababu zake, na mwenye miaka yake hahojiwi. Nikakaa katikati na kistari changu.

Jana nilikwenda kumwona mtoto wa yule jirani. Naye sasa ni mzee, amekaa barazani chini ya mkorosho, jicho moja limeingia mtoto. Kwa karatasi ni baba yangu mkubwa, na ndivyo nilivyomwita tangu utoto. Nilikwenda kumwuliza kama anakumbuka siku ile ya kwa wakubwa. Hakumbuki. Anakumbuka kwamba babake hakulala usiku uliotangulia, alikuwa akitoka nje na kurudi, na mamake alimwambia, "Ukifungwa kwa uongo huu, watoto nitawalisha jina?"

Nikamsomea sura ya sita. Kurasa kumi na nne. Babake anatokea kwenye mbili. Anasema ile sentensi yake, anatoka.

Akanyamaza. Kisha: "Baba yangu yuko hapo tu?"

"Yuko hapo tu, baba mkubwa."

"Jina lake mmelila miaka sitini, kitabuni umempa mlango wa kuingilia na wa kutokea."

Sikuwa na jibu. Kwenye vichwa vya sura nilikuwa nimeandika urithi huku na urithi kule: vinyago, ngoma, lugha ambayo mimi mwenyewe naivunja nikiizungumza. Lile ninalolivaa kila siku sikulihesabu, kwa sababu halikutoka Mueda.

Kwa hivyo sura ya sita inaanza upya, na inaanzia nyumbani kwake, usiku ule, mke amekasirika, mume anatoka nje na kurudi. Huyu mwenye kistari anangoja kwenye nyumba ya tatu, hajui kama kesho jirani atatokea. Katika sehemu ya Msumbiji nadhani sitampa jina. Kimakonde mtu ni wa ukoo wa mamake, mjomba ndiye mwenye sauti, basi mjomba wake atamwita "mpwa" na itatosha. Jina ataanza kulibeba siku atakapoazimwa.

Nilipoaga, baba mkubwa alinishika mkono. Akaniuliza kama katika riwaya mtu anaruhusiwa kupewa kitu ambacho hakuwa nacho. Nikasema ndiyo, ndiyo kazi yake. Akasema babake maisha yake yote alitaka baiskeli, hakuipata, kila alipokaribia kutimiza pesa mtoto mmoja aliumwa.

Nimempa baiskeli. Nyeusi, ina kengele. Kesho atampakia babu nyuma na ndiyo watakayoendea kwa wakubwa.