Jina nililopewa Fort Portal

Gambuti zangu bado zina matope ya Kibale, ile hifadhi ya msitu huko Uganda. Zipo barazani, na kila nikizipita najiambia leo nitaziosha. Mume wangu anasema nimeziweka makusudi, ukumbusho. Wala. Ni uvivu tu.

Tulitoka Mwanza mwanzoni mwa Oktoba, kila mtu na begi lake mgongoni, na fedha ambazo tulikuwa tunazidunduliza kwa ajili ya jambo jingine. Jambo lenyewe wanaotujua wanalijua: miaka sita ya ndoa, vipimo, dawa, hospitali hii, hospitali ile, mganga mmoja ambaye sitaki hata kumkumbuka. Mwaka huu tukakubaliana tupumzike, hela zitupeleke mahali badala ya kuishia dirisha la malipo. Mama mkwe tulipomuaga aliguna tu, akatuombea dua.

Mpaka wa Mutukula tuliuvuka bila matatizo. Kilichonichosha ni maswali. Kwenye basi nilikaa na mama mmoja mkarimu, akanimegea gonja, yaani ndizi tamu ya kuchoma, akaanza kunifundisha kusema webale, yaani asante kwa Kiganda. Kabla hatujafika Masaka akauliza watoto nimewaacha na nani.

Nikamwambia wako kwa bibi yao. Mungu anisamehe.

Mume wangu alikuwa kiti cha nyuma, na najua alisikia, maana alinyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza. Akageukia dirishani mpaka mji ukaisha. Nilijilaumu njia nzima. Tulipofika Kampala ndipo akaniambia kwamba alikuwa anaitafuta Masaka ya baba yake. Marehemu baba mkwe alipita pale na jeshi letu mwaka 1979, kwenye vita ya kumng'oa Idi Amin, na kila akisimulia vita ile alikuwa akifika Masaka anakatisha, anaomba maji ya kunywa. Mji ule ulibomolewa vibaya sana. "Nimeona maduka na watoto wa shule," mume wangu akasema. "Sijaona kitu kingine." Kuhusu wale watoto wetu wanaolelewa na bibi yao hakuniuliza, hadi leo.

Kampala inataka miguu na moyo. Old Taxi Park, stendi yao kuu ya zamani, ukiitazama kutoka juu unaona mapaa meupe ya magari yamebanana kama samaki kwenye kapu, hujui linatokaje hata moja, lakini yanatoka. Daladala yao wanaiita taxi. Abiria akitaka kushuka anasema "maaso awo", na konda anamwelewa hata akisema kwa kunong'ona. Juu ya miti na mataa wamekaa kongoti, wale ndege wakubwa wenye upara, wanaitazama jalala kama wazee wanaosubiri kuhesabu michango. Asubuhi tulikula rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, kabichi na nyanya, muuzaji akiwa amesimama karibu kabisa na mtaro. Nilikula mbili. Tumbo langu halikusema kitu. La mume wangu lilisema, siku mbili.

Kiswahili chetu kule mjini hakikuwa ufunguo kama tulivyodhani. Vijana walikifurahia, wakajibu kwa maneno matatu wanayoyajua. Ila mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia, mama wa makamo, nilipomsalimia "shikamoo" alikaza uso akanijibu Kiingereza. Baadaye, alipotuzoea, alieleza bila chuki: alipokuwa msichana, lugha hiyo waliisikia kwa wenye bunduki, usiku, ikiuliza vitu viko wapi. Serikali yao iliidhinisha mwaka 2022 kifundishwe mashuleni kwa lazima, na ni jambo jema, lakini sikio lina kumbukumbu zake. Tangu siku ile nilikuwa naanza kwa "nnyabo" kwanza, yaani mama kwa heshima, Kiswahili kinafuata.

Owino ndiko nilikonunua gambuti. Ukiingia soko lile la mitumba unaingia kwa ubavu. Kijana mmoja akanishika mkono, akaniita "Nnalongo! Nnalongo, njoo!" Nikaona limenikaa vizuri, likanifanya nijisikie mtu mzima mwenye hadhi, na bei hata sikupatana sana. Nilipomuuliza maana yake akacheka: Nnalongo ni mama wa mapacha. Wauzaji humwita hivyo mteja kumpamba. Nikalipa, nikazikumbatia gambuti zangu, nikatoka nje kwa ubavu vilevile. Mume wangu alitaka kufanya mzaha, akanitazama, akauacha.

Jinja tulikaa siku moja. Pazuri, lakini tulikuwa tumechoka, na boti ya kwenda pale Nile inapoanzia ilijaa watu wanaojipiga picha. Nilichokipenda ni wazo tu la mtu wa Mwanza: haya maji yanayopiga mawe ya kwetu ndiyo haya yanayotokea hapa, yanaanza safari ya kwenda Misri. Tunaishi kwenye ndoo, na tundu lake liko Jinja.

Magharibi ni nchi nyingine. Kutoka Kampala hadi Fort Portal ni karibu kilomita 300, na kadiri unavyokaribia, chai inafunika vilima kama zulia lililotandikwa kwa rula. Hewa inapoa. Tulipata chumba kwa bibi mmoja nje kidogo ya mji, mjane wa askari polisi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kimenyooka kama amri. Tulipomtajia majina yetu akatikisa kichwa.

"Hiyo ni jina ya kitambulisho. Mimi nauliza empaako."

Hatuna, tukasema.

"Mutu hawezi kulala kwa nyumba yangu bila empaako. Nitamusalimia namna gani asubuhi?"

Watooro na jirani zao Wanyoro, mbali na jina la mtu na la ukoo, kila mmoja ana empaako, moja katika majina 12 ambayo jamii nzima inagawana. Kumsalimia mtu bila kulitaja ni nusu salamu. UNESCO wameiweka mila hiyo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka tangu mwaka 2013, lakini yule bibi hakuonekana kama mtu anayelinda urithi. Alionekana kama mtu anayetaka kwenda kulala. Alitusimamisha karibu na taa, akatukagua nyuso kama wanavyomkagua mtoto mchanga kutafuta kafanana na nani. Kwangu alichukua muda. Nilikuwa namnusa, moshi na samli.

"Wewe, Abwoli." Akamgeukia mume wangu, ambaye tayari alikuwa anaongea. "Huyu ana kelele. Araali." Araali ni radi.

Akatuwekea ugali wa ulezi, na nyama iliyokaushwa kwa moshi, ngumu, tamu, ya kutafuna huku unafikiri. Akasema mtoto akipewa empaako hupandiwa mti, lakini sisi tumekuja usiku na mvua inanyesha, kwa hiyo tusamehe. Kisha akatupa na sharti: mkikasirikiana, itaneni hivyo. Huwezi kumtaja mtu empaako yake ukaendelea kumfokea, mdomo unakataa.

Mtu asiyeishi kwetu huenda asielewe kwa nini sikulala usiku ule. Kwetu ukishaolewa jina lako linaanza kufutika, unasubiri la mtoto. Utakuwa Mama Fulani, naye Baba Fulani. Sisi wa kusubiri tumebaki katikati. Majirani wananiita "mke wa" yule bwana, na sisi wenyewe ndani tunaitana "wewe". Wewe, chai tayari. Wewe, umefunga mlango? Sikuwa nimeona kwamba tumefika huko.

Kibale tuliingia siku ya pili yake. Askari wa hifadhi mwenye bunduki alitangulia, akatwambia tuchomeke suruali ndani ya soksi kwa sababu ya siafu. Mimi nilijiona nina gambuti, nikapuuza. Siafu hawana habari na gambuti. Walipanda kimyakimya mpaka magotini, ndipo wakauma wote kwa pamoja kama waliohesabiwa moja, mbili, tatu, nikavua buti moja katikati ya matope nikicheza ngoma isiyo na jina, na hakuna ruhusa ya kupiga kelele.

Sokwe tuliwasikia kabla ya kuwaona. Kilio kinaanza chini, kinapanda, kisha kishindo cha mmoja anayepiga ile mizizi mipana ya mti kama anabisha hodi. Tukavaa barakoa. Tulipewa saa moja. Jike mmoja alikaa chini ya mkuyu, mtoto wake akimpanda kichwani, akimvuta sikio, naye anakula tu. Askari akanong'ona kwamba jike huzaa mara moja kila miaka mitano au sita hivi.

Nilihisi mume wangu anainama sikioni kwangu.

"Abwoli," akasema. "Kumbe kuna wenzetu wasio na haraka."

Nilicheka ndani ya barakoa mpaka miwani ikaingia ukungu, na yule sokwe nikamkosa alipoondoka.

Wiki iliyopita tuligombana. Aliliweka begi lake stoo likiwa bichi, limeota ukungu, limeambukiza na la kwangu. Nilikuwa nimefika mbali, nimeshaingiza na mambo ya mwaka juzi, akaniita kutoka uani: "Abwoli."

Nikaitika. Begi bado liko palepale stoo, hatujaamua nani alifue.