Dengu za kidari cha meko: nilipofikia mpaka sasa

Naandika haya nisije nikarudia makosa yaleyale, na pia kwa sababu jamaa wameshaniuliza mara kadhaa dengu zangu za kidarini, yaani jikoni kwetu juu ya nyumba, zimefikia wapi.

Chanzo ni watoto na mama yangu. Watoto wakitoka chuoni (madrasa) alasiri hupitia dukani, hurudi na ndimi nyekundu kwa mabuyu ya rangi, mkononi pakiti ya kachiri. Mama ana sukari, mwaka wa tatu sasa, na ikifika saa kumi mkono humwenda kwenye kaimati. Nilitaka kitu kimoja cha kutafuna ambacho nyumba nzima itakipenda na mimi nisiwe na wasiwasi nacho. Dengu nazijua tangu utotoni, lakini za mchuzi wa nazi, au unga wake kwenye bajia. Gramu 100 za dengu zilizochemshwa zina protini karibu gramu 9 na nyuzinyuzi zaidi ya gramu 7. Zinashibisha, wala hazipandishi sukari kwa kasi kama unga mweupe. Safari hii nilizitaka kavu, za kulia mdomoni, nikachagua zile nyeupe kubwa, si zile ndogo za kahawia zenye ganda gumu.

Mara ya kwanza. Kaskazi ilikuwa bado inavuma. Niliroweka robo kilo usiku. Asubuhi nilipopima ilikaribia nusu kilo. Nikachemsha mpaka zikalainika kabisa, nikachuja, nikatia mafuta, chumvi, uzile (bizari nyembamba) na pilipili, nikazimimina kwenye sufuria zito na kupalia makaa juu na chini, vile tunavyopika mkate wa sinia. Baada ya nusu saa nikafunua. Mvuke ulinipiga usoni na matone yakachuruzika kutoka kwenye kifuniko yakirudi mlemle. Uzile ulikuwa umeungua, dengu zenyewe laini kama za mchuzi. Kupalia kunaufaa mkate kwa sababu mkate unataka unyevu ubaki ndani. Dengu zinataka utoke, na mimi nilikuwa nimeufungia.

Mara ya pili. Sikuchemsha, niliroweka tu nikakaanga kwenye karai kavu. Zikawa ngumu kiasi cha kuvunja jino, sikumpa mtu.

Mara ya tatu. Jirani ana oveni ya gesi, akanipa nafasi. Safari hii nilichemsha kwa dakika ishirini tu, mpaka jino lipite lakini dengu isipondeke. Nikazikausha kwa leso kuukuu ya pamba, nikaziweka kwenye moto wa digrii 200 kwa dakika arubaini, nikitikisa sinia kila dakika kumi. Viungo nikatia mwishoni zilipokuwa bado za moto. Zilitoka rangi ya dhahabu, zinalia mdomoni, na watoto waliniomba tena. Nililala na furaha.

Kesho yake alasiri nikafungua kopo: zimelegea zote. Mama akachukua moja, akaibonyeza kwa vidole viwili, akasema, "Hizi zina mai ndani, mwanangu. Zirudishe yuani." Nikaipasua nyingine kwa kisu nitazame. Ukingoni ilikuwa kavu, imekolea rangi, lakini kiini chake cheupe na kibichi, kinashika kidole. Yale maji ya katikati yalikuwa yametoka polepole usiku kucha na kulainisha ganda. Nilikuwa nimeshaanza kuilaumu hewa ya bahari, na kweli hapa Lamu chumvi yenyewe haimiminiki, lakini kosa la kwanza lilikuwa langu, nilizitoa motoni mapema.

Mara ya nne na ya tano. Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Baada ya kuchemsha na kuchuja nilizitandaza kwenye ungo, nikazipandisha kidarini na kuzifunika kwa kipande cha chandarua, maana kunguru wetu hawaachi kitu. Niliziweka saa tatu asubuhi. Kila saa nilipanda kuzigeuza, na nilianza kuzisikiliza. Mwanzoni ukitikisa ungo zinateleza kimya, zimeshikamana. Kufika saa nane mchana ganda limejikunja, nyingine zimepasuka kidogo upande wa ncha, na ukitikisa zinaita kama shanga. Sasa naisubiri sauti hiyo, saa siitazami tena.

Kuhusu moto, mama akanikumbusha kwamba zamani njugu zilikaangwa kwa mtanga. Mchanga ukishapata moto huizunguka punje pande zote, wala haiungui sehemu moja na kubaki mbichi kwingine. Mimi niliogopa chembe za makombe kwenye meno ya watoto, nikatumia chumvi ya mawe, ile inayotoka upande wa Gongoni na Marereni. Chumvi kilo moja kwenye karai, moto wa makaa wa wastani, koroga mpaka ukitupia dengu moja iruke. Kisha tia konzi moja moja, usijaze, koroga bila kuacha. Baada ya dakika sita saba ganda linaanza kupasuka na harufu inabadilika, inakuwa kama ya korosho. Chekecha haraka, chumvi irudi karaini kwa konzi inayofuata.

Zilikauka mpaka kiini. Nilipasua tano kuhakikisha. Kwenye kopo zilikaa siku sita bila kulegea.

Uchachu. Watoto walitaka ladha ya muhogo wa kuchoma, yaani ndimu na pilipili. Nikakamua ndimu juu yake na baada ya dakika chache kazi yote ya jua ikapotea. Hili lilinisumbua wiki nzima. Nilihitaji kitu kichachu kisicho na maji, na siku moja nikiwa namenya ubuyu wa kutengenezea juisi nikakiona mkononi mwangu: ule unga mweupe unaozunguka mbegu, ambao hukauka wenyewe ndani ya kibuyu chake. Niliutwanga taratibu mbegu zisivunjike, nikauchekecha kwa kitambaa. Kwa robo kilo ya dengu natia kijiko kidogo cha mafuta ya nazi ili viungo vishike, vijiko viwili vidogo vya ubuyu, nusu kijiko cha uzile wa kukaanga na kusaga, pilipili kidogo. Chumvi siongezi. Binti yangu mkubwa alimaliza bakuli akalamba vidole, na siku hiyo hakutaka mabuyu ya dukani. Ubuyu ni uleule, bila rangi na bila sukari.

Mvua za masika zimenifundisha mambo mawili. Dengu zipoe kabisa kabla ya kufunga kopo. Niliwahi kufunga zikiwa na uvuguvugu nikakuta matone chini ya mfuniko. Na kopo moja kubwa linalofunguliwa na watoto wanne halifai, kila mkono unaingia na hewa yake. Sasa nagawa kwenye chupa ndogo za jemu, inafunguliwa moja na kuishia siku hiyohiyo. Zikilegea narudisha karai kavu dakika tatu nne, zinaamka. Siku isiyo na jua sianzi kabisa.

Kitindamimba wangu ana miaka mitatu. Yeye simpi nzima hata kidogo, kwa sababu punje ngumu ya duara inaweza kumkaba mtoto wa umri huo. Zake nazitwanga kwenye kinu mpaka ziwe unga wa chengachenga, nachanganya na uji. Mama alipoonja akasema na zake zitwangwe, magego yake yamebaki machache. Anakula kwa kijiko, strungi (chai ya rangi) isiyo na sukari pembeni, na kaimati sasa ni ya Ijumaa tu.

Kinachonikera bado ni chumvi. Hata nikichekecha vizuri, kuna inayobaki kwenye mipasuko ya ganda, na mama ana presha pia. Kwa hiyo narudi kwenye mchanga kama alivyosema mwanzo. Sikuugusa wa matuta ya Shela, maana huko ndiko yanakohifadhika maji yetu ya kunywa. Nimeomba ndoo moja iliyobaki kwa fundi anayejenga mtaa wa pili, mchanga mnene usio na saruji. Nimeuchekecha mara mbili, nimeuosha mpaka maji yakatoka safi mara tatu mfululizo, na tangu jana uko kidarini kwenye sinia, unakauka. Robo kilo nyingine nimeshairoweka. Mama amesema kesho atakaa yeye mwenyewe kwenye karai.