Fira Chooni

Kwetu Morogoro nyoka hana kesi. Akionekana tu, yowe linapigwa, mapanga na marungu yanatoka, na akishakufa ndipo watu wanabishana alikuwa nyoka gani. Na malezi hayo nilifika Sri Lanka, na likizo moja, nilipokuwa nasoma Kandy, rafiki yangu akanichukua tukakae kwa watawa wa Kibudha waishio msituni, upande wa Kurunegala.

Usiku naingia chooni na tochi, huyo hapo kando ya ndoo: fira. Akainuka, akatanua shingo, na alipogeuka nikaiona ile alama ya miwani kisogoni. Nikatoka kinyumenyume, nikaokota gogo la kuni.

Mtawa mkuu, mzee mwembamba, akalitwaa lile gogo mikononi mwangu kama anayempokea mgeni mzigo. Mtawa kijana alikwishaanza kughani kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha: upendo wangu uwafikie wasio na miguu, wenye miwili, wenye minne, wenye mingi, asiye na mguu asinidhuru. Mzee akamwacha aghani, lakini mwenyewe akaagiza bomba la plastiki na gunia. Gunia likafungwa upande mmoja wa bomba, upande wa wazi ukalazwa pembeni, ukutani. Kisha akasimama mbali, akawa anamsukuma fira taratibu kwa ufagio wa chelewa wenye mpini mrefu. Nyoka aliyebanwa hutafuta giza. Fira akapeleka kichwa kwenye tundu, akasita, mwili wote ukamfuata.

Wapo wanaopenda kusimulia habari za Nalagiri, tembo mlevi aliyeachiwa na Devadatta, hasimu wa Buddha, kule Rajagaha, mji wa India ya kale, Buddha akamtuliza kwa wema. Mzee hakuitaja. Aliniambia aya zile alizoghani kijana zilifundishwa baada ya mtawa kuumwa na nyoka huko Savatthi, mji mwingine wa India ya kale, akafa. Tena kanuni zilezile zinazomkataza mtawa kuua mnyama zinamruhusu aliyeumwa na nyoka atibiwe kwa kinyesi, mkojo, majivu na udongo. Siku hizi dawa iko hospitali, akasema, inatoka India. Fira inamfaa. Ila yupo kifutu mdogo mwenye pua iliyobinuka, hujilaza kwenye majani makavu, na huyo dawa ile haimwezi. Ndiyo maana kila alasiri njia zote zilifagiliwa mpaka udongo ubaki mtupu. Mimi nilikuwa nadhani ni usafi.

Sikuongoka, niseme ukweli. Fira akiwa chumbani kwa mwanangu na bomba halipo, panga litafanya kazi.

Asubuhi mpishi, mwanakijiji wa jirani, akauliza nyoka alipelekwa wapi. Ng'ambo ya kijito, akajibiwa. Mwiko ukatua sufuriani.

"Hamuduruwane," yaani mtawa mheshimiwa, "ng'ambo ya kijito ni mpunga wetu. Mke wangu analima peku."

Mtawa kijana alikuwa ananitafsiria, hapo akanyamaza. Mzee akafikiri kitambo, akasema mwingine akija atapelekwa juu mlimani, hata kama ni mwendo. Halafu akauliza: wafadhili wakileta gambuti, nyumbani kwako zinatakiwa jozi ngapi?

Mpishi akacheka hadi akashika meza. Gambuti kwenye tope la mpunga! Hatua ya tatu, akasema, buti limebaki chini na wewe uko mbele.