Blanketi la kroshia, kiangazi, na mbwa wawili ndani ya nyumba

Blanketi limeisha jamani. Ni la kitanda kizima kabisa, si la mtoto, na nimelifuma kiangazi chote watoto wakiwa likizo na mbwa wawili wanazunguka miguuni, kwahiyo wacha niandike nilivyofanya maana najua kuna wenzangu uzi umejaa kabatini wanasubiri nyumba itulie. Haitulii hiyo.

Kwanza niwatambulishe wahusika. Bosi ni mzee, mnene, pua yake ni fupi ile ya kubonyea, akilala unamsikia kutoka chumba cha pili. Njugu bado mdogo, ana meno na ana muda. Watoto nao wawili, wa kike mkubwa kidogo, wa kiume bado yuko umri wa kuuliza "mama, nifanye nini sasa" kila baada ya dakika tano.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuacha kupanga muda wa kufuma kwa kufuata saa yangu, nikafuata ya mbwa. Kipindi cha joto mbwa hawatembei mchana, hasa mwenye pua fupi kama Bosi, kwa sababu mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anapoa kwa kuhema ulimi nje, jasho linamtoka kidogo tu kwenye nyayo, na hawa wa pua fupi hata huko kuhema kwenyewe kunawashinda. Kwahiyo tunatoka alfajiri, tunatoka tena jua likishazama, na kabla ya kukanyaga lami naweka mgongo wa mkono pale chini, nikishindwa kuuacha hapo hesabu ya moja hadi saba basi na nyayo zao haziwezi, tunarudi. Sasa ile wakirudi asubuhi, wamechoka, wameshakunywa maji, wanajitupa kwenye vigae vya baridi na kulala fofofo, watoto nao wako kwenye chai, hapo ndo mimi nachukua sindano yangu ya kroshia, ile yenye ndoano. Muda wangu huo, hakuna mtu ananigusa. Jioni hivyohivyo. Mchana nilikuwa hata sijaribu, mikono inatoa jasho, sindano inateleza, uzi unagoma kupita, unaishia kukasirika bure.

Pili, sikufuma blanketi. Nilifuma vipande vya mraba, vile vya zamani ambavyo bibi zetu walivijua, unaanza na kaduara katikati halafu nguzo, ile mishono mirefu iliyosimama, tatu tatu, kila kona unaweka mafungu mawili ili ikunje. Sababu ni joto tu. Blanketi linalofumwa safu kwa safu linakulalia mapajani, na likifika nusu umeshajifunika kitu kizito wakati wengine wote wanatafuta upepo. Kipande cha mraba kinakaa kiganjani. Unaweza kufuma ukiwa umekaa kwenye ngazi za nje unaangalia watoto wanavyomwagia mbwa maji, ukiitwa unakiacha hapohapo bila kupoteza hesabu, na kikiharibika kimeharibika kimoja. Kuunganisha niliacha mpaka mwisho kabisa, usiku, feni ikiwa mgongoni.

Uzi nilichukua wa pamba. Akriliki, ule uzi wa plastiki, ni nyepesi na haina gharama sana, sina ugomvi nayo, lakini kwenye joto inakwama kwenye vidole vyenye unyevu na blanketi lake halipumui. Pamba inanyonya jasho, inafuliwa vizuri, na mbwa wakiwa ndani ya nyumba kufua hakuepukiki. Shida yake ni uzito, na haivutiki, ukikaza sana mkono unauma, kwahiyo nilipanda sindano moja nene zaidi ya ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya uzi, kutoka namba 4 kwenda 4.5, mkono ukapumua.

Haya, Njugu na uzi. Hapa ndo nataka mnisikilize vizuri maana watu wanacheka wakiona picha ya mbwa amejizungushia uzi, na mimi pia nilicheka siku alipokimbia na bonge zima akapita nalo chini ya meza, akazunguka viti vyote, sebule ikawa mtego wa buibui. Ila daktari wa mifugo alinieleza kitu nikaacha kucheka. Mbwa akimeza uzi mrefu, mara nyingi ncha moja inanasa sehemu, tumboni au hata chini ya ulimi, halafu utumbo unaendelea kusukuma ile ncha nyingine, matokeo yake utumbo unajikunja kwenye uzi na uzi unaweza kuukata kabisa. Hiyo ni operesheni. Na ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma USIVUTE, hata kama unaonekana unatoka kirahisi, mpeleke kwa daktari. Akitapika tapika, akikataa chakula, akijikunja tumbo na uzi haujulikani ulipo, usisubiri kesho.

Kwahiyo sheria ya nyumba ikawa hakuna uzi unaokaa chini ya usawa wa meza. Bonge linakaa kwenye ndoo yenye mfuniko, mfuniko nimeutoboa tundu, uzi unatokea hapo. Mikia ya uzi, zile ncha zinazobaki, naificha palepale kipande kinapoisha, siachi kwa ajili ya baadaye, kwanza kwa sababu mkia unaoning'inia ni mwaliko kwa Njugu, pili kwa sababu anayeacha mikia yote mpaka mwisho hamalizi blanketi lake, hilo nimeliona kwa watu wengi. Vipande vya uzi vilivyokatwa vinaingia kwenye chupa, si mezani. Sindano natumia za aluminiamu tu, za mbao na mianzi kwa Njugu ni fimbo ya kutafuna. Na kila nikisimama, hata kama ni kwenda kufungua mlango, kile kitanzi cha mwisho nakipitishia pini. Kroshia raha yake ni kwamba kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu, ukikifunga kwa pini hata mbwa akivuta hakifumuki kitu.

Watoto niliwapa kazi. Wa kike alijifunza mnyororo na nguzo, kuna vipande vyake humo ndani vimekaa upande upande na nimeviweka katikati kabisa vionekane. Wa kiume hakutaka kufuma, yeye akawa afisa wa usalama, kila jioni anahesabu sindano na mkasi na anakagua sakafu. Ile kazi aliipenda mno, anapita na tochi chini ya makochi, anakuja kuripoti kwa sauti nzito. Pia yeye ndo aliyekuwa anamwangalia Bosi mchana, tulimfundisha akiona anahema haachi, mate yamekuwa mazito, ufizi umekuwa mwekundu sana au anayumba aniite mbio, tummwagie maji ya kawaida, tumwekee feni, na twende kwa daktari. Hatukufika huko, namshukuru Mungu.

Manyoya? Yapo. Nilikuwa natandika foronya safi mapajani kabla ya kufuma na bado yaliingia. Glavu ya raba ukiilowesha kidogo ukapapasa kipande, manyoya yanajikusanya yenyewe, yaliyobaki yanatoka kwenye kufua. Na pamba ikilowa ni nzito balaa, usiianike kwa kuning'iniza pembe moja itavutika mpaka iwe shuka la jitu, ilaze bapa juu ya taulo mahali ambapo mbwa hawafiki. Mimi nililaza juu ya meza ya kulia, tukala tumekaa chini siku hiyo.

Uzi uliobaki nafuma vitambaa vya kuoshea vyombo. Binti yangu anataka kumfumia Njugu mdoli wa kuchezea, nimekataa, yule atamfumua na kummeza. Nimemwambia afume wa kwake, na macho ayadarizi kwa uzi badala ya yale ya plastiki, maana najua huyo mdoli kuna siku ataangukia sakafuni tu.